Kipenga cha mwisho kikilia, kazi ya admini ndipo inaanza

LIKASI, Haut-Katanga – Siku ya debi ya Lubumbashi, Kakontwe haisubiri redio iseme nani ameshinda. Kelele hutoka kwanza kwenye nganda yenye televisheni, kisha kwa jirani mwenye jenereta, na mwisho kwenye nyumba ambazo umeme umekatika tangu mchana. Dakika chache baadaye simu zinaanza kutetemeka mifukoni. Kundi la WhatsApp la mashabiki, lililokuwa kimya dakika za mwisho kwa sababu kila mtu alikuwa ameshika kichwa, linafurika ujumbe.

Lubumbashi iko kilomita 120 hivi kutoka hapa. Wengi wanaoandika hawakuwa uwanjani. Wengine hawakuiona mechi kabisa, wamesikia goli kupitia sauti iliyotumwa na mtu ambaye naye aliipata kwa mwingine. Lakini hasira yao ni ya mtu aliyekuwa amekaa kwenye benchi la wachezaji. Na katikati yao kuna mmoja au wawili ambao hawana nafasi ya kushangilia wala kulia. Hao ndio maadmini wa kundi, na saa moja inayofuata ni yao.

Kakontwe inajulikana zaidi kwa mawe kuliko kwa mpira. Chokaa ya hapa imetumika miaka mingi katika viwanda vya shaba na kobalti vya Katanga, na wanajiolojia wamelipa jina la Kakontwe tabaka zima la mawe ya chokaa linalovuka mpaka hadi Zambia. Lakini jioni ya debi hakuna anayezungumza mawe. Kitongoji kinagawanyika kati ya Mazembe na Lupopo, mara nyingine ndani ya nyumba moja, baba upande huu na mtoto upande ule, na mama akisema hataki kusikia kitu mpaka bukari iishe mezani.

Anayekuwa admini si lazima awe mtu mkubwa. Aghalabu ni yule aliyeanzisha kundi miaka iliyopita ili kupanga safari ya kwenda uwanjani: nani analipa nauli, gari linaondoka saa ngapi, nani ana ngoma. Ni fundi, ni mwalimu, ni muuza unite. Halipwi. Mega anazotumia kusikiliza sauti za dakika tatu tatu za watu waliolewa anazinunua kwa fedha yake. Wengine humwita prezida, kwa heshima au kwa dhihaka, kutegemea ametoka kumfuta nani.

Kunguru na treni

Ili kuelewa kazi hiyo, lazima kwanza kuelewa kwamba matusi madogo ndiyo chumvi ya debi hii.

TP Mazembe na FC Saint-Éloi Lupopo zote mbili zilizaliwa 1939. Mazembe ilianzishwa na wamisionari Wabenediktini, ikapita majina kadhaa, likiwemo la Englebert, kampuni ya matairi, kabla ya kuwa Tout Puissant Mazembe. Rangi zake ni nyeusi na nyeupe, na wenyewe wanajiita Kunguru. Lupopo ni timu ya watu wa reli, Cheminots, na jina lake la mtakatifu ni la Eligi, msimamizi wa mafundi wa chuma. Kwa hiyo utani umejipanga wenyewe. Lupopo ikifungwa, treni imekwama Tenke na abiria washuke watembee kwa miguu. Mazembe ikifungwa, kunguru amenyeshewa na mvua, hawezi kuruka. Picha za vichwa vya treni vilivyopinduka hazikosekani.

Utani huo hauna haja ya kufutwa, na admini anayeufuta hakai muda mrefu. Watu wanaingia kwenye kundi la mashabiki ili kuchekana. Kundi lisilo na kejeli linageuka ubao wa matangazo: nani amefiwa, nani anauza friji, basi. Mashabiki wa zamani wa Likasi wanajua kwamba mtu akikutania asubuhi baada ya kipigo, maana yake bado anakuhesabu.

Kuna pia jambo la pekee la Likasi. Mji huu una timu yake, US Panda B52, inayochezea uwanja wa Kikula. Panda inapoikaribisha Mazembe, mtu wa hapa ana mioyo miwili, na kundi lake la simu linapasuka katikati. Yule aliyewaita wenzake wasaliti wiki iliyopita, leo ndiye anayeitwa msaliti. Admini naye ana timu. Ndiyo hoja ya kwanza anayotupiwa kila anapomtoa mtu: umenitoa kwa sababu timu yangu imekushinda.

Basi mstari uko wapi? Katika makundi mengi jibu limekuja kwa uzoefu, si kwa kanuni iliyoandikwa. Unaweza kuitukana treni. Unaweza kumwambia kipa mikono yake ni ya sabuni. Huwezi kumwambia mwenzako ametoka wapi.

Neno dogo lenye historia kubwa

Mtu asiyejua Likasi anaweza kuona sheria hiyo ni ya kupita kiasi. Kwa wenyeji wenye umri wa miaka 40 na zaidi, haihitaji maelezo.

Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa mjini Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mzaliwa wa jamii ya Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond wa Katanga. Katika jimbo hili, ambalo wakati huo liliitwa Shaba, hasira za kisiasa ziligeuzwa kuwa hasira dhidi ya majirani. Likasi ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kuungua. Familia zenye asili ya Kasai, nyingi zikiwa zimeishi hapa vizazi viwili au vitatu tangu enzi za Union Minière na reli, zilifukuzwa majumbani. Maelfu walilala kwenye stesheni ya Likasi na kwenye shule, wiki na miezi, wakisubiri treni za kuwapeleka kwenye nchi ambayo wengi wao hawakuwahi kuiona. Wengi walikufa kwa magonjwa na uchovu, stesheni na njiani.

Kabla ya mawe kulikuwa na neno. Watu wa Kasai waliitwa *bilulu*, yaani wadudu. Ni neno la kawaida kabisa la Kiswahili cha Katanga. Mama analitumia akiona kitu kinatembea kwenye unga. Lakini likiandikwa chini ya picha ya shabiki, baada ya mechi dhidi ya Sanga Balende ya Mbuji-Mayi, kila mtu wa Likasi aliyefikia umri anajua limetoka wapi na lilikwenda wapi.

Hapo ndipo tofauti ya admini wa kitongoji na mashine inapoonekana. Mashine inayotafuta matusi haioni tusi katika neno linalomaanisha mdudu. Hata mtu anayejua Kiswahili cha Dar es Salaam au cha Mombasa anaweza kulipita. Kwa miaka kadhaa, hadi mwanzoni mwa 2023, sehemu ya kazi ya kuchuja yaliyowekwa Facebook kwa lugha za Afrika ilifanyika Nairobi, katika kampuni ya Sama iliyokuwa na mkataba na Meta. Wafanyakazi wa huko walikwenda mahakamani wakilalamikia mazingira ya kazi na madhara ya kutazama ukatili kutwa nzima, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ikaamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini humo. Kesi hizo ni habari nyingine. Linalohusu Kakontwe ni kwamba hata kituo kama kile kilishughulika na Facebook. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa usimbaji tangu 2016, kiasi kwamba kampuni yenyewe haiwezi kuusoma ukiwa njiani. Mwanachama anaweza kuripoti ujumbe, lakini asiporipoti, hakuna ofisi yoyote inayochungulia. Mlinzi pekee ni yule muuza unite.

Refa wa Kijapani, maduka ya Wachina

Tusi la kabila ni hatari moja. Ya pili ni uongo unaokimbia kuliko matokeo.

Katanga ilipata somo hilo kabla WhatsApp haijazoeleka. Desemba 2010 Mazembe ilifanya ambalo hakuna klabu ya Afrika iliyokuwa imelifanya: iliifunga Internacional ya Brazil 2–0 mjini Abu Dhabi na kuingia fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Tarehe 18 ikakutana na Inter Milan ya Samuel Eto'o, ikafungwa 3–0. Refa alikuwa Yuichi Nishimura, Mjapani. Lubumbashi, baadhi ya mashabiki waliomwona kwenye televisheni waliamua kuwa ni Mchina, na kwamba Wachina ndio walioinyima Mazembe kombe. Vijana waliingia barabarani na kushambulia maduka ya Wachina.

Hakuna aliyekaa chini kupanga uongo ule. Ulitoka kwa mtu mmoja aliyebashiri, ukapokelewa na wa pili kama habari, ukamfikia wa kumi kama ukweli usiopingika. Ungehitaji mtu mmoja tu mwenye sauti, mahali pamoja, wa kusema: jamani, huyo ni Mjapani, na hata angekuwa Mchina, mwenye duka la ndoo na sandali Lubumbashi amekosa nini?

Leo mtu huyo anaweza kuwa admini, lakini naye anashindana na saa. WhatsApp ilipunguza tangu Januari 2019 idadi ya mazungumzo ambayo mtu anaweza kuyapelekea ujumbe mmoja kwa mara moja hadi matano, na 2020 ikabana zaidi ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi. Hiyo inapunguza mwendo tu. Baada ya debi, vinavyoletwa kwenye makundi ni vilevile: komunike bandia yenye nembo ya klabu ikidai refa amekamatwa na fedha, video ya vurugu za nchi nyingine ikisemwa ni ya leo Kamalondo, na sauti ya mtu asiyejulikana akisema shabiki wetu ameuawa, tukutane.

Sauti ndiyo ngumu kuliko zote. Maandishi unayapitia kwa jicho. Picha unaweza kuikuza ukaona tarehe ya zamani kwenye kona. Sauti lazima uisikilize mpaka mwisho, na mara nyingi neno baya liko katika sekunde ya mwisho, baada ya salamu, kikohozi na malalamiko kuhusu kocha. Wakati admini anasikiliza ya kwanza, nyingine sita zimeingia.

Kwamba uongo na hasira huua si maneno ya kutia chumvi. Tarehe 11 Mei 2014, katika uwanja wa Tata Raphaël mjini Kinshasa, V.Club ilikuwa inafungwa 1–0 na Mazembe. Vitu vikaanza kurushwa kutoka majukwaani, polisi wakafyatua gesi ya kutoa machozi, watu wakakimbilia milango, ukuta ukaanguka. Watu wapatao 15 walikufa. Ukifika pale, hakuna tena wa kuonywa wala wa kutolewa kwenye kundi. Polisi ni ukuta wa mwisho, na ukuta wa mwisho ulianguka juu ya watu.

Onyo, kimya, mlango

Kinachofanyika kwenye makundi yanayodumu kinafanana na kile ambacho FIFA imekiandika kwa marefa. Katika ubaguzi uwanjani, refa ana hatua tatu: asimamishe mchezo, awapeleke wachezaji vyumbani kwa muda, na mwisho auvunje mchezo. Kwenye kundi la simu hatua nazo ni tatu: onyo, kimya, mlango.

Onyo linafanya kazi zaidi likitolewa pembeni. Admini anayemkemea mtu mbele ya wote anamlazimisha ajibu, na shabiki aliyefungwa mabao mawili hana nia ya kushindwa mara ya tatu. Ujumbe wa faragha wenye maneno mawili, *yaya, futa ile*, unafaulu mara nyingi kuliko kanuni kumi zilizobandikwa juu ya kundi. Neno yaya lenyewe ni kazi. Anayeonywa anakumbushwa kwamba yeye ni mkubwa, na mkubwa hasemi hivyo mbele ya wadogo. Tangu 2022 admini anaweza pia kuufuta mwenyewe ujumbe wa mwanachama ukatoweka kwa wote, lakini jina la aliyefuta linabaki pale, na maswali yanaanza: umefuta nini? Mara nyingine kufuta kunawaamsha hata waliokuwa wamelala.

Kimya ndicho chombo chenye nguvu zaidi, na ndicho kinachogombaniwa zaidi. Tangu 2018 inawezekana kulifunga kundi ili waandike maadmini peke yao. Wapo wanaolifunga mara kipenga cha mwisho kinapolia na kulifungua alfajiri. Wapinzani wa njia hii wana hoja: shabiki anataka kusema sasa, si kesho, na ukimfungia mlango anakwenda kwenye kundi jingine lisilo na mtu wa kumzuia. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini inasahau jambo moja. Kundi la usiku lisilo na kiongozi linabaki na wachache walio macho, wengi wao wakiwa bado kwenye meza yenye chupa za Simba, na ujumbe wa saa nane za usiku ndio unaosomwa na wote saa kumi na mbili asubuhi. Kufunga kwa saa moja au mbili, mpaka watu wafike nyumbani, kunaonekana kuwa na maana kuliko kufunga usiku kucha.

Halafu kuna mlango. Kumtoa mtu ni kubonyeza mara mbili, na hapo mitaa ya Kakontwe inaingia katika hesabu. Katika mitandao mikubwa ya dunia, anayefuta na anayefutwa hawajuani. Kabla ya Kombe la Dunia la Qatar 2022, FIFA pamoja na chama cha wachezaji FIFPRO walianzisha huduma ya kuwakinga wachezaji na matusi mitandaoni, yenye programu inayoficha maneno kabla mchezaji hajayaona. Uingereza, klabu na wachezaji walinyamaza mitandaoni kwa siku nne, kuanzia 30 Aprili hadi 3 Mei 2021, kupinga matusi ya kibaguzi. Hizo ni hatua za watu wanaokabiliana na umati usio na uso. Admini wa Kakontwe anakabiliana na uso anaoujua vizuri mno. Aliyetolewa jana usiku atakutana naye leo kwenye foleni ya maji, kanisani Jumapili, kwenye matanga. Pengine wake zao wako kwenye likelemba moja.

Ukaribu huo unaumiza na unasaidia. Unaumiza kwa sababu kuna watu ambao admini hathubutu kuwagusa: mwenye nyumba wake, kaka mkubwa wa mkewe, mfadhili anayelipia gari la kwenda Lubumbashi. Mwanachama wa kawaida akiona mfadhili anatukana na kubaki, sheria imekufa siku hiyo. Unasaidia kwa sababu kutolewa si mwisho. Wazee wa kundi wanaingia kati, mkosaji anaomba radhi, na katika makundi mengine analipa amande ya kasha la vinywaji ambalo, bila ajabu, linanywewa na waliotukanwa. Anarudi. Aliyerudi kwa njia hiyo ndiye mara nyingi wa kwanza kumkemea anayefuata.

Wanawake ndio waliopoteza zaidi pale ambapo hakuna wa kukemea. Katika majukwaa ya Katanga wanawake wapo, wanaimba, wanapiga ngoma, wanasafiri na timu. Kwenye makundi ya simu wanaandika mara moja kuhusu safu ya ulinzi, wanajibiwa kuhusu maumbile yao, na hawaandiki tena. Hawagombani, hawalalamiki. Siku moja admini anaona tu mstari mdogo wa kijivu: fulani ameondoka. Admini anayehesabu ujumbe uliofutwa bila kuhesabu mistari ile ya kijivu anajidanganya kuhusu hali ya kundi lake.

Siasa iliyovaa jezi

Yote hayo yangekuwa rahisi kama timu zingekuwa timu tu. Rais wa Mazembe tangu 1997 ni Moïse Katumbi, gavana wa zamani wa Katanga, na aliyeshika nafasi ya pili katika uchaguzi wa rais wa Desemba 2023. Lupopo nayo iliingia mikononi mwa Jacques Kyabula Katwe alipokuwa gavana wa Haut-Katanga, mtu aliyejiunga na kambi ya Rais Félix Tshisekedi. Kwa hiyo shabiki akiandika kwamba rais wa klabu yenu ni mwizi, anazungumzia usajili wa mshambuliaji au anazungumzia nchi? Mara nyingi hata mwenyewe hajui.

Kundi linaloruhusu siasa siku moja linashindwa kuizuia siku ya pili, na katika jimbo hili siasa na asili ya mtu hazitembei mbali. Ndiyo maana makundi mengi yanaandika juu kabisa, kabla hata ya jina la timu, kwamba siasa hairuhusiwi. Kisha picha ya kampeni inaingia ikiwa imevaa jezi ya klabu, na mjadala unaanza upya kama picha hiyo ni siasa au ni mpira.

Sheria nayo imesogea karibu. Kodi ya numeriki ya Kongo, iliyotiwa saini 13 Machi 2023, inamwadhibu katika kifungu cha 360 mtu anayeanzisha au kusambaza habari ya uongo dhidi ya mtu mwingine kupitia mitandao: kifungo cha mwezi mmoja hadi sita, faini ya faranga 500,000 hadi 1,000,000, au moja ya adhabu hizo. Maneno "au kusambaza" yanamgusa kila aliyebonyeza kishale cha kupeleka mbele, awe ameandika yeye au hakuandika. Admini aliyepeleka komunike bandia kwenye kundi la pili ili kuuliza kama ni ya kweli, ameipeleka.

Wapo wanaoona kifungu hicho ni fimbo dhidi ya waandishi na wapinzani kuliko kinga ya raia, na hofu yao ina msingi, maana neno "uongo" hufasiriwa na mwenye nguvu. Kwa mashabiki athari yake imekuwa ya kawaida zaidi: baadhi ya maadmini wameacha kazi. Kusikiliza matusi bila malipo ni jambo moja, kuitwa parke kwa ajili ya sauti ya mtu mwingine ni jambo jingine. Nafasi zao zinachukuliwa na vijana wenye vidole vyepesi, ambao hawakuwepo 1992 na wanalijua neno bilulu kwa maana ya mdudu tu. Katika makundi yaliyojipanga, kijana hapewi uongozi peke yake. Anawekwa pamoja na mtu mzima mmoja, hata kama mtu mzima huyo hajui kufunga kundi wala kufuta ujumbe. Kazi yake ni kusema lipi lifutwe.

Jioni ya debi inaisha polepole. Umeme unarudi saa nne usiku, simu zilizokufa zinachomekwa, na wale waliokosa yote wanaanza kusoma kuanzia juu. Ujumbe wa hasira uliokwisha kujibiwa saa mbili unajibiwa tena. Saa tano kundi linafungwa.

Alfajiri linafunguliwa. Mtu wa Lupopo anatuma picha ya kunguru aliyelowa. Mtu wa Mazembe anamwuliza treni imefika saa ngapi. Chini yao, mwingine anauliza kama gari la Kikula Jumapili ijayo bado lina viti, na nani anakusanya nauli.